Kwa wanaoandika riwaya mwezi huu: msuko unapopotea

Ndugu wanakikundi,

Habari za jioni. Baadhi yenu mmeniandikia kwamba mmefika katikati ya mswada na hamjui tena hadithi inaelekea wapi. Anayelenga maneno 50,000 kwa siku 30 hulazimika kuandika takribani maneno 1,667 kila siku, na kwa kasi hiyo ni kawaida kabisa mkono kutangulia mawazo. Tafadhali msirudi ukurasa wa kwanza kuanza kusahihisha, kwa sababu hapo ndipo miswada mingi hufia.

Rudini kwa mhusika mkuu. Chukueni mfano wa binti anayetoka Kyela na gunia la mchele kwenda Soko la Mwanjelwa kumtafuta kaka yake, kisha sura ya saba inamkuta Tukuyu akigombania shamba la chai ambalo halikutajwa popote. Jiulizeni anataka nini sasa, na nani anamzuia. Ikiwa bado anamtafuta kaka yake, shamba hilo sharti limsogeze kwake au limcheleweshe. La sivyo, wekeni alama pembeni bila kulifuta, mwendelee na tukio mnaloliona waziwazi, hata kama ni la sura ya mwisho.

Kila sura iliyokamilika iandikieni sentensi moja daftarini. Naithamini sana kazi hii ndogo, kwani sentensi isiyoungana na iliyotangulia huonyesha mara moja njia ilipopotea.

Jumamosi tukikutana Uyole, kila mmoja aje na daftari lake. Aliyekwama asisite kunipigia kabla ya hapo.