Kompyuta nayo isome damu ya Tanga

Mhariri,

Siku hizi vijiweni kunasemwa kwamba kompyuta inasoma jeni za mtu na kumtajia maradhi yatakayompata. Yana ukweli, ila yametiwa chumvi.

Mwaka 2023 Google DeepMind, kampuni ya akili bandia, walitoa AlphaMissense, programu iliyokadiria mabadiliko milioni 71 ya jeni, lipi huenda lina madhara na lipi halina. Ni ramli ya kisayansi, na mara nyingi inapatia.

Lakini itazameni siko seli, maradhi ya damu ya kurithi. Ni herufi moja tu ya jeni ya himoglobini, protini ya damu, iliyobadilika, A ikawa T. Mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama, chembe zake nyekundu hujipinda, vidole vinavimba, macho yanageuka manjano, na majirani hawakosi wa kusema karogwa. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, malaria kali humpata kwa nadra. Ndiyo maana mkoani kwetu wanaoibeba ni wengi tambarare kwenye mbu, na hupungua kadiri unavyopanda Usambara. Sasa hilo ni badiliko baya au zuri? Programu inayochungulia protini peke yake haiwezi kukujibu, mpaka ijue mtu anaishi wapi.

Na watu inaowajua ndio hao: taarifa nyingi za jeni duniani ni za wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa Wamarekani weusi kadhaa waliambiwa wana badiliko linalonenepesha misuli ya moyo, kumbe kwa weusi ni la kawaida, halidhuru kitu. Majibu kama hayo humkatisha mtu mpira, humtia hofu ya kufa ghafla, na hata nduguze huitwa wapimwe.

Korogwe na Amani damu imechukuliwa miaka mingi kwa utafiti wa malaria, na Muhimbili wanafuatilia wagonjwa wa siko seli tangu 2004. Vijana wetu wa hesabu na kompyuta wafundishwe kuzichambua taarifa hizo hapa hapa, si kuzisikia zikitangazwa kutoka ng'ambo.

Tena tusisubiri mashine kubwa. Kumpima mtoto mchanga siko seli kunataka tone la damu ya kisigino. Kila wodi ya wazazi mkoani ianze, mtoto apate tiba mapema, na mzazi akiridhia, majibu yaingie kwenye hizo hesabu zisizotujua.

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Chumbageni, Tanga