Programu za kompyuta ziiheshimu ritifaa ya Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumze na wenzangu wanaofundisha na wanaoandika programu za kompyuta kuhusu kosa la kuikata ritifaa, yaani alama ya juu (') kama ile ya ng'ombe, linaloharibu matini za Kiswahili bila wenyewe kutambua.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kazi ya kuhesabu maneno ya insha zao kwa lugha ya Python. Waliikata matini kwa rejeksi, yaani kanuni fupi ya alama inayoieleza kompyuta umbo la herufi za kutafutwa, na kanuni yenyewe ni ile inayofundishwa mwanzo: re.split(r"\W+", matini). Kanuni hiyo huamuru matini ikatwe popote penye alama isiyo herufi, tarakimu wala kistari cha chini (_). Sentensi "Ng'ombe amelala." ina maneno mawili, lakini ilitoka vipande vinne: Ng, ombe, amelala, na kipande kitupu kilichobaki baada ya nukta.

Kipande kitupu hakinisumbui, kwani huondolewa kwa mstari mmoja. Kinachoniuma ni ombe. Kistari cha chini kimehesabiwa kuwa sehemu ya neno kwa sababu waandishi wa programu hukitumia katika majina ya vigeu, yaani majina ya thamani zinazohifadhiwa ndani ya programu, ilhali ritifaa, ambayo kwetu huandika sauti moja kamili pamoja na ng, imetupwa kundi moja na koma. Mwanafunzi aliyeandika kwamba babu yake aling'oa mwiba alihesabiwa neno oa, na ng'ang'ania ikawa vipande vitatu. Anayetafuta habari za Chang'ombe au Murang'a katika hifadhi iliyokatwa namna hiyo hatazipata.

Wapo wanaoshauri ritifaa zote zifutwe kwanza. Siafiki hata kidogo, kwa kuwa ng na ng' ni sauti mbili, na mtoto tunayemsahihisha daftarini kwa kuisahau alama hiyo hawezi kuelezwa kwamba kompyuta imeruhusiwa kuisahau.

Mimi sasa nafundisha kanuni hii: re.split(r"[^\w'’]+", matini). Humo ritifaa iliyonyooka na iliyopinda zote huachwa ndani ya neno, hata n'kaona ya washairi wetu ikabaki nzima. Neno lililonukuliwa kwa alama mojamoja litabaki na alama zake pembeni, nazo huvuliwa baadaye kwa strip, amri ya Python inayoondoa alama za pembeni. Lakini kazi haijaisha hapo, kwa sababu iliyonyooka ina namba 39 katika Unicode, mfumo unaoipa kila alama namba yake, na iliyopinda ina namba 8217, hivyo ng'ombe aliyeandikwa kwa moja na aliyeandikwa kwa nyingine ni maneno mawili machoni pa kompyuta mpaka alama zigeuzwe kuwa moja.

Hapo ndipo nina ombi kwako, Mhariri. Katika makala tulizonakili kutoka tovuti za magazeti, alama zote mbili zilikuwamo, wakati mwingine ndani ya aya moja. Tafadhali chumba chako cha habari kichague ritifaa moja na kuishika katika kila habari mnayoiweka mtandaoni, maana wanafunzi wangu watarudi kuzisoma na kuzihesabu muhula ujao.

Mwalimu wa kompyuta,
Tanga