Risala ya Watafiti wa Maada na Kompyuta za Kwantamu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Idara, walimu wetu, wageni waalikwa, wanajumuiya wenzetu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Tumefarijika zaidi kusikia kwamba umeomba mwenyewe kuiona maabara kabla ya kuketi.

Mheshimiwa, historia ni ndefu, tutaipitia haraka. Mwaka 1911 huko Leiden, Uholanzi, mwanafizikia Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi karibu kelvini 4.2, yaani kama nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, na ukinzani wake wa umeme ukatoweka. Mwaka 1986 Bednorz na Müller waliliona jambo hilo kwenye oksaidi ya shaba, katika joto kubwa kuliko lililozoeleka. Katika maada za aina hii elektroni husukumana kiasi kwamba huwezi kuieleza moja ukaziacha nyingine. Kwa upande wa kompyuta, mwaka 1999 Yasunobu Nakamura na wenzake nchini Japani walionyesha kyubiti, yaani kipashio cha taarifa cha kompyuta ya kwantamu, ya alumini iliyotunza hali yake kwa nanosekunde chache. Jumuiya yetu ilizaliwa pale wanafunzi wa pande hizi mbili walipobaini kuwa wanahangaika na maswali yaleyale, kila upande chumbani kwake.

Tangu hapo tumepata mafanikio makubwa. Tumeanzisha daftari moja la sampuli, ambamo kila fuwele na kila utando wa metali umeandikwa siku uliyotengenezwa, aliyeutengeneza na muda uliokaa hewani. Tunakutana kila wiki kusoma makala kwa pamoja, na wanafunzi wetu wameandika programu inayokokotoa tabia ya elektroni zinazosukumana kwenye kimiani kidogo, yaani mpangilio wa atomi kama wavu. Kwa hatua hizi tunathubutu kusema kuwa ukuta kati ya fani hizi mbili hapa kwetu umeanguka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio hayo tunayo changamoto moja, nayo ndiyo kiini cha risala hii. Hatuna jokofu la mchanganyiko wa heliamu-3 na heliamu-4, aina mbili za gesi ya heliamu, linalopoza hadi sehemu ndogo ya kelvini moja.

Kipozeo tulichonacho kinaishia karibu kelvini 4, yaani pale alipofika Onnes zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Alumini yenyewe huacha ukinzani chini ya kelvini 1.2, na kyubiti zake hupimwa kwenye kelvini 0.01 hadi 0.02. Si anasa. Kyubiti ya gigahezi 5 ina nishati inayolingana na kelvini 0.24 tu, hivyo kwenye kelvini 4 joto pekee huivuruga kabla hujaiuliza lolote.

Kuna sababu nyingine, na hapa ndipo fani zetu zinapokutana. Kyubiti nyingi hupoteza nishati kwa sababu ya kasoro ndogo mno zilizo kwenye oksaidi juu ya metali. Kasoro hizo hujificha ukipima kwenye joto au kwa mawimbi makali, hujitokeza kwenye baridi kali na mawimbi hafifu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walitumia tantalamu badala ya niobi, na kyubiti zao zikatunza hali kwa zaidi ya milisekunde 0.3. Aliyebadilishwa pale si mhandisi bali ni metali. Sisi tuna watu wanaojua kukuza fuwele na kusafisha nyuso, tuna wanaochora saketi, ila hatuna mahali pa kuiweka kazi yao ndani ya baridi moja na kuipima.

Tunaomba radhi kukumbusha kwamba ombi hili si geni. Mgeni rasmi aliyetangulia alilipokea kwa moyo mkunjufu, akatuagiza tuandae chumba. Tukakiandaa. Msingi wa zege wa kuzuia mtikisiko umemwagwa, mabomba ya maji ya kupozea pampu yamefungwa, ndoano ya kuinulia imetundikwa darini. Aliyefuata aliomba mchanganuo mpya, tukaupeleka, akaahidi majibu hivi karibuni. Hatumlaumu yeyote, Mheshimiwa. Ila juu ya zege hilo leo pamewekwa viti vya akiba, na wanafunzi walioshuhudia ahadi ya kwanza wamekwishahitimu bila kupima hata sampuli moja.

Kwa hiyo tunaomba mambo yaandikwe kwenye hati moja: jokofu, heliamu-3 yake, na fundi wa kudumu wa kulihudumia. Heliamu-3 hupatikana hasa kutokana na kuoza kwa tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi, ni adimu, na jokofu likifika bila hiyo litakuwa pipa tupu. Tunaomba pia tarehe, hata kama ni ya mbali. Ahadi yenye tarehe tutaipangia kazi.

Hati hiyo ipo mezani mbele yako, ndani ya jalada la bluu, na nafasi ya sahihi iko ukurasa wa mwisho. Chumba kiko wazi, utakipitia ukielekea kwenye viburudisho.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanajumuiya.