Kwa nini ndama wana chanjo ya brusela na wewe huna

Njoro, Nakuru

Ndugu yangu Wekesa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mvua imeanza na barabara ya kwetu unaijua.

Uliniuliza kwa simu mbona ndama wana chanjo ya brusela, ugonjwa wa bakteria unaotupisha mifugo mimba na kuambukiza watu, na wewe unayewazalisha mama zao huna. Jibu lilikuwa refu kuliko salio langu, basi hili hapa.

S19 unayowachanja ndama majike, na Rev.1 ya mbuzi na kondoo, ni bakteria hai waliopunguzwa makali. Mnyama huwamudu, ingawa mwenye mimba anaweza kuitupa. Wewe ukijidunga kwa bahati mbaya unaweza kuugua brusela yenyewe, na kumeza dawa kwa wiki 6. Kwa hiyo binadamu anahitaji vipande vya bakteria tu, asipewe bakteria mzima.

Vipande gani sasa? Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Jenomu, yaani jeni zote kwa jumla, ya *Brucella melitensis*, mmoja wa bakteria wa brusela, ilichapishwa mwaka 2002, ikiwa na jeni takriban 3,200. Kumwotesha mdudu huyu maabara ni hatari, maana huambukiza watafiti kwa hewa, kwa hiyo jeni zote tunazipepeta kwenye skrini kama mtama kwenye ungo. Programu moja hubakiza protini zinazokaa kwenye utando wa nje, kama Omp25 na Omp31. Nyingine hutupa zinazofanana na za mwili wetu, kinga isije ikatugeukia. Nyingine hukisia vipande ambavyo seli za kinga zitavitambua. Vilivyosalia tunaviunga kuwa mnyororo mmoja, kisha AlphaFold, programu ya kukisia umbo la protini, inakisia utakavyojikunja.

Njia hii imewahi kuzaa matunda. Mtafiti wa chanjo Rino Rappuoli na wenzake waliitumia kwa bakteria wa homa ya uti wa mgongo wa kundi B: mwaka 2000 walichapisha orodha iliyotoka kwenye jenomu, na chanjo ya Bexsero ikaidhinishwa Ulaya mwaka 2013. Kompyuta ilimaliza kazi yake mapema. Majaribio kwa panya na binadamu ndiyo yaliyokula miaka. Ndiyo maana makala zinazotangaza “chanjo” ambayo haijatoka kwenye skrini hunichosha, nazo ni tele. Brusela hujificha ndani ya seli zilezile zinazotakiwa kummeza, na hakuna programu inayoweza kukuhakikishia kwamba kinga itamfuata humo.

Linaloniuma zaidi ni hili. Vipande huonyeshwa kwa kinga na molekuli ziitwazo HLA, ambazo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Afrika ina aina nyingi mno za HLA, lakini data zilizofunza programu hizi zimetoka zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mnyororo wangu waweza kupata alama nzuri bila kumfaa mchungaji wa Baringo wala wewe huko Bungoma.

Kwa hiyo usinione mimi ndiye fundi. Ng'ombe akitupa mimba huko kwenu, vaa glavu, usiguse kondo kwa mikono mitupu, na umwombe afisa wa mifugo wa kaunti sampuli ifike maabara. Bila bakteria wa zizi lenu ninachezea jenomu za mbali. Ila tafadhali, usinitumie chochote kwa matatu ndani ya chupa ya soda. Nakujua.

Nisalimie mama watoto.

Wako,
Chebet