Wanawake wasiwe wa kujaza idadi katika timu za mseto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu mashindano ya mseto, yaani yale ya wanaume na wanawake kuchezea timu moja, ambayo siku hizi yanavutia watu wengi katika viwanja vya mitaa hapa Nakuru. Mimi ni mwalimu wa michezo na nimechezesha mechi kadhaa za aina hiyo, kwa hivyo sisemi ya kuambiwa.

Waandaaji niliofanya nao kazi huweka sharti kwamba timu ya soka ya wachezaji saba iwe na wanawake wasiopungua watatu uwanjani. Sina ugomvi na idadi hiyo. Shida huanza kipenga kinapolia. Katika mechi moja mtaani Kaptembwo, mchezaji wa kike aliyekuwa peke yake pembeni, bila wa kumkaba, aliita mpira hadi sauti ikamkauka, naye kiungo wake, kijana hodari kwa kweli, akaona heri awapige chenga watu watatu na kupokonywa kuliko kumpa pasi. Kufikia mapumziko dada huyo alikuwa ameugusa mpira mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa akiurusha kutoka nje ya mstari. Kwenye karatasi, timu yake ilikuwa imetimiza sharti.

Wakenya tunaujua mchezo huu. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, lakini kumpa mtu kiti na kumsikiliza akizungumza ni mambo mawili.

Wapo waandaaji ambao, kwa nia njema, wameamua bao la mwanamke lihesabiwe mara mbili. Hilo naliona kosa kubwa zaidi. Nimeshuhudia msichana akisimamishwa mbele ya lango kama mlingoti, akikatazwa kusogea, ili mpira umgonge na kuingia wavuni. Ulipoingia, wenzake walishangilia. Yeye alirudi katikati ya uwanja ameinamisha kichwa.

Usawa uwanjani huletwa na jinsi mchezo wenyewe ulivyoundwa. Mwaka 1902 mwalimu mmoja wa Amsterdam, Nico Broekhuysen, alibuni korfboli, mchezo wa timu ya watu wanane, wanne wanaume na wanne wanawake, wanaotupa mpira katika kikapu kilicho mita 3.5 kutoka ardhini. Mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira wala kuudundisha, hivyo hata aliye na misuli na mbio hana budi kumtafuta mwenzake. Mwanamume humkaba mwanamume, mwanamke humkaba mwanamke. Tena kila baada ya mabao mawili walinzi huwa washambuliaji na washambuliaji huwa walinzi, kwa hivyo hakuna anayeachwa nyuma mchezo mzima akilinda nyasi.

Hata kwetu mfano upo. Mbio za nyika za kupokezana za mseto zilipoingizwa kwa mara ya kwanza katika mashindano ya dunia, mjini Kampala mwaka 2017, Kenya ilitwaa dhahabu. Wanaume wawili na wanawake wawili walikimbia takriban kilomita mbili kila mmoja, na hapakuwa na namna ya kumruka Winfred Mbithe wala Beatrice Chepkoech.

Voliboli nayo ina lake. Wavu wa wanaume huwa mita 2.43 na wa wanawake mita 2.24, lakini katika mechi za mseto nilizohudhuria wavu hufungwa kwa kimo cha wanaume bila mtu kuuliza, kisha dada zetu wanalaumiwa kwamba hawapigi smashi.

Najua wapo wanaohofia majeraha, na hofu yao si ya bure pale mchezo unapokuwa wa kugongana. Kwa sababu hiyo sipendekezi hata kidogo kwamba timu za wasichana peke yao zivunjwe. Timu hizo zinahitaji zaidi kupewa uwanja mapema, badala ya kuachiwa saa kumi na mbili jioni wavulana wanapokuwa wamechoka na giza linaingia.

Mashindano ya likizo ya Desemba yanakaribia. Nawaomba waandaaji waketi na wachezaji wa kike kabla ya kuchapisha kanuni na kukubaliana nao kimo cha wavu, wafute bao la mara mbili, na katika soka waweke sharti kwamba bao halihesabiwi ikiwa mpira haukupitia kwa wachezaji wa jinsia zote mbili tangu timu ilipoupata. Mimi niko tayari kuchezesha mechi ya majaribio kwa kanuni hizo, bila malipo.

Mwalimu wa michezo,
Nakuru