Mtoto akilia usimtikise
Wamama na wababa wa grupu yetu hapa Bombo, habari zenu. Nawaomba sana, mtoto akilia mpaka uchoke usimtikise hata sekunde chache, shingo yake bado haina nguvu na ubongo unagongagonga ndani ya fuvu, damu inavuja, anaweza kupofuka ama kufa kabisa. Kilio kinazidi sana kwenye mwezi wa 2 halafu kinapungua pole pole, sio kwamba wewe ni mzazi mbaya. Hasira ikipanda mlaze chali kwenye mkeka, toka nje dakika 5 ama 10, ita jirani. Dada wa kazi naye aambiwe, wababa pia jamani. Kama ametikiswa halafu anatapika, anakataa titi ama degedege imemshika, kimbieni hospitali na mseme ukweli.