Miezi Miwili Bila Kigiriki

Swahiba yangu mpendwa,

Salamu nyingi, sisi huku wazima. Barua yako imenifika, na imeniuma kusikia kwamba muswada wako umerudishwa umejaa masahihisho, na tangu siku hiyo hutaki hata kuufunua. Nimemkumbuka Tiberius Hemsterhuis, bingwa wa Kigiriki cha kale.

Alizaliwa Groningen, Uholanzi, mwaka 1685, baba yake daktari. Chuo kikuu aliingia akiwa na miaka 14, na alipokaribia 20 alikuwa profesa wa hisabati na falsafa Amsterdam. Akiwa bado kijana alikabidhiwa kumalizia uhariri wa kamusi ya Kigiriki ya Pollux, kazi ya karne ya pili inayopanga maneno kwa mada wala si kwa alfabeti. Ikachapishwa 1706, akasifiwa.

Kisha zikamfikia barua za Richard Bentley wa Cambridge, Uingereza, mtaalamu mkubwa wa Kigiriki. Mle kamusini mmenukuliwa mistari ya washairi wa vichekesho, mingi imeharibiwa na wanakili. Palepale Hemsterhuis alipokwama, Bentley alipita akiirekebisha mistari hiyo kwa kufuata mizani. Kijana alivunjika moyo, swahiba! Mwanafunzi wake Ruhnken anasimulia kwamba aliazimia kuachana na Kigiriki kabisa, na kwa miezi miwili hakufungua kitabu chake hata kimoja.

Ninachompendea ni yaliyofuata. Alitambua kuwa si haki kijana kujipima na mkongwe kama yule, akarudi vitabuni kuanza upya. Wala hakumwekea Bentley kinyongo. Alimtukuza kuliko wahakiki wote wa zama zake.

Mwaka 1717 akawa profesa wa Kigiriki Franeker, 1740 akahamia Leiden, alikofariki 1766. Vitabu alivyoacha si vingi. Mimi naona kazi yake kubwa ni wanafunzi: Valckenaer, aliyemrithi Leiden, na huyo Ruhnken aliyetoka Ujerumani kumfuata. Hao ndio walioifanya Uholanzi kuwa kitovu cha masomo ya Kigiriki wakati wao.

Sasa, dada, huyo mhariri aliyekusahihisha amekusoma ukurasa kwa ukurasa. Nitumie sura ile ya mizani ya tenzi pamoja na maoni yake. Jumapili sina kazi, tutaipitia kwa simu mstari kwa mstari.

Msalimie mama na watoto.

Wako akupendaye